Taa ya saa tisa usiku

Msimu wa machungwa ukifika, kirikuu kinacholala uani Manundu, mjini Korogwe, hugeuka nyumba. Baba hukitoa alfajiri, hushika barabara ya lami ya kwenda Handeni, kisha huingia njia za vumbi kutafuta wakulima wenye mzigo. Hukaa huko siku mbili au tatu. Usiku hulala humo humo garini, kando ya shamba, kwa sababu machungwa yakishachumwa hayaachwi peke yake.

Msimu uliopita mama alifuatana naye. Mtoto wao wa pili alikuwa na miezi minane na bado ananyonya. Mkubwa aliachwa kwa bibi yake ili asikose shule. Nyuma ya gari walitandika godoro, wakafunga turubai, wakatundika chandarua. Walibeba maji ya kunywa, unga, sufuria na nguo za baridi. Kila kitu kilipangwa vizuri isipokuwa mwanga.

Taa waliyokuwa nayo ilinunuliwa mnadani kwa shilingi 10,000. Boksi lake lilikuwa na namba kubwa, na muuzaji aliiwasha mchana kweupe ikaumiza macho. Usiku wa kwanza, saa moja, ilimulika shamba hadi miti ya mbali. Saa nne ilikuwa imebaki kama kaa la sigara. Baba akasema hapana shida, simu ina tochi.

Usiku wa pili mtoto alianza kukohoa. Ilipofika saa tisa mama aliamshwa na joto la mwili wake. Simu ya mama ilikuwa imezimika. Ya baba ilikuwa na asilimia sita.

"Washa tochi nimwone," mama alisema.

"Nikiwasha itazima. Tutampigia nani wa bodaboda?"

Hapo ndipo wazazi hao walipojikuta wanachagua kati ya kumwona mtoto na kumwitia msaada. Kliniki mama alishafundishwa jambo moja muhimu: mtoto anayekohoa huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka kupita kiasi. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Huangaliwa pia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa. Mambo hayo yote yanahitaji macho. Mama aliweka kiganja juu ya kifua cha mwanawe gizani, akahesabu, akapotea, akaanza upya.

Baba alikwenda kugonga kwa mwenye shamba. Aliyetoka ni bibi wa nyumba hiyo, kanga mabegani, mkononi ana taa ndogo ya sola ambayo mjukuu wake husomea. Haikuwa kali hata kidogo. Lakini ilikuwa inawaka saa tisa usiku. Chini ya mwanga huo mama alifunua nguo ya mtoto, wakaona kifua kinabonyea. Baba alishika saa, mama akahesabu: 58. Ile asilimia sita ya simu ikatumika kumwita bodaboda.

Zahanati muuguzi alihesabu tena, akasema ni nimonia, akampa mtoto dozi ya kwanza ya amoksilini na kuwaeleza namna ya kuimaliza nyumbani. Aliwaonya pia kwamba mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akidhoofika hadi haamki vizuri au akipata degedege, wasisubiri kuche. Baada ya siku chache mtoto alikuwa anacheza.

Waliporudi Korogwe, ugomvi mdogo ulibaki juu ya taa. Baba alisema safari ijayo wabebe kibatari cha akiba. Mama alikataa katakata. Ndani ya gari kuna godoro, turubai, chandarua na dumu la petroli. Kibatari kikipinduliwa na mkono wa mtoto, hakuna wa kukimbilia. Moshi wake pia ni mbaya kwa kifua ambacho kimetoka tu kuugua. Tena mafuta ya taa yakiwa kwenye chupa ya soda, mtoto huyanywa akidhani ni kinywaji. Jiko la mkaa ndilo halikujadiliwa kabisa: hata likionekana limefifia, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala nalo mahali palipofungwa huenda wasiamke.

Kungoja umeme wa nguzo nako hakukuwa jibu. Mkoa wa Tanga umezalisha umeme wa maji pale Hale tangu 1964, na vijiji vingi vimefikiwa na nguzo. Lakini nguzo haifuati gari shambani.

Wakaenda dukani, karibu na stendi. Kijana wa duka akatoa ile inayong'aa zaidi.

"Kaka, hii saa tisa usiku itakuwa bado inawaka?" mama aliuliza.

Kijana alicheka kwanza. Kisha akakaa, akachukua kikokotoo. Hesabu yenyewe mzazi yeyote anaweza kuifanya kwa simu yake. Taa nyingi ndogo hutumia betri ya lithiamu ya volti 3.7. Chukua namba ya mAh iliyoandikwa, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Taa ya mAh 4,000 inakupa wati-saa 14.8. Ukiiwasha kwa wati 5, haitafika saa tatu. Ukiiwasha kwa wati 1, hata ukiondoa kinachopotea njiani, itakaa karibu saa 12, yaani magharibi hadi alfajiri. Wati 1 ya taa za kisasa inatosha kabisa kumwona mtoto aliye karibu nawe, kusoma maandishi ya chupa ya dawa na kuhesabu pumzi.

Kwa hiyo waliangalia kwanza kama taa ina hatua za kupunguza mwanga. Ile ya mnadani haikuwa nazo. Ilijimaliza yote kwa mkupuo.

Jambo la pili lilikuwa uongo wa maboksi. Kipande kimoja cha betri ya duara, kinene kuliko kidole gumba kidogo, kwa kawaida hubeba kati ya mAh 1,500 na 3,500. Taa iliyo nyepesi mkononi, yenye kipande kimoja, ikiandikwa mAh 10,000, boksi linadanganya. Aliyeamua kuweka dhamana ya mwaka mmoja kwa maandishi ana sababu ya kusema kweli kuliko aliyeandika namba kubwa.

La tatu ni kuchaji. Taa nyingi zina kipande cha sola juu chenye ukubwa wa kiganja. Hicho ni cha kuongezea tu: kipaneli cha wati 1, hata kwa siku ya jua zuri, hakijazi betri ya wati-saa 14.8. Wao walichagua taa inayochajiwa kwa waya ule ule wa simu, ili ipate moto kutoka kwenye gari linapotembea. Anayekaa mahali pamoja bila gari atafute yenye paneli ya kutenganishwa, aianike juani huku taa yenyewe ikiwa kivulini. Taa isiachwe juu ya dashibodi madirisha yakiwa yamefungwa, kwani joto huua betri ya lithiamu. Ikivimba, isichajiwe tena wala isitobolewe.

La nne mama aliliona mwenyewe. Taa moja nzuri ilikuwa na rimoti, na ndani ya rimoti kulikuwa na betri ndogo ya mviringo kama kifungo cha shati, iliyofunikwa kwa kifuniko cha kusukuma kwa kidole. Aliirudisha. Betri ya aina hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Mzazi akishuku mwanawe amemeza, asimtapishe, amkimbize hospitali. Ndani ya nyumba yenye mtoto anayetambaa, kifuniko cha betri ni lazima kifungwe kwa skrubu.

Waliyonunua iliwagharimu shilingi 35,000. Baba alinung'unika njiani kwamba kwa fedha hiyo wangepata tatu za mnadani. Mama hakujibu. Jioni aliiwasha kwa mwanga mdogo, saa moja kamili, akaitundika msumarini chumbani. Alipoamka kunyonyesha saa tisa ilikuwa inawaka. Saa kumi na moja bado. Ndipo akatupa boksi, akatunza risiti.

Msimu huu wana kanuni mbili. Jua likizama, simu si tochi. Inabaki na chaji ya kupigia. Na taa huwashwa mwanga mdogo tangu mwanzo, isipokuwa wakati wa kupakia mzigo.

Walipofika shambani kwa mara ya kwanza msimu huu, bibi alikuja kuwasalimu jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mjukuu wangu mzima?" Alimpapasa mtoto kichwani, kisha akachungulia ndani ya turubai. "Na taa yenu mbona hafifu hivyo?"

"Tumeipunguza, bibi," mama alisema. "Tunataka itukute asubuhi."