"Umefika," kikasema, na mbele yetu ni migomba

Je, msomaji, umewahi kuambiwa "umefika" na sauti nyororo ya mwanamke usiyemwona, ilhali mbele yako hakuna nyumba wala mtu, ila migomba na mvua? Mimi yamenipata. Ndiyo sababu leo ningependa nikutembeze Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, kabla hujafunga safari na watoto huku tegemeo lako ni kile kidude cha kuelekeza njia kinachobandikwa kwenye kioo cha gari.

Sikitukani. Kifaa chenyewe ni cha ajabu. Hunasa ishara za setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia kwa kimo cha zaidi ya kilomita 20,000. Kikipata ishara za nne kwa mpigo, hupiga hesabu ya muda ambao kila moja imetumia njiani, kikajua ulipo. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakizivuruga makusudi ishara za raia, ukaweza kukosea hata mita 100. Siku hizi ni mita chache tu. Wala hakihitaji mtandao wa simu, mradi ramani imehifadhiwa ndani yake. Lakini shika jambo moja: setilaiti hukuonyesha ulipo tu. Njia hutoka kwenye ramani, na ramani haijui kama jana ilinyesha.

Kutoka Nairobi hadi mjini Kisii huna la kuhofia. Ni Mai Mahiu, Narok, Bomet, Kaplong, Sotik, Chebilat kisha Keroka, kilomita 300 hivi, lami tupu. Ukiandika "Nyamira", hata hivyo, soma mara mbili kabla ya kubonyeza, maana kuna Nyamira nyingine huko Siaya. Unayoitaka ni ile iliyomegwa kutoka wilaya ya Kisii mwaka 1987. Na ukiwasikia wenyeji wakiitaja Getembe, ujue ni mji huo huo wa Kisii. Usihangaike kuitafuta kwenye orodha.

Kazi huanza ukiiacha lami. Gusii ni vilima juu ya vilima, na watu wamejaa hadi vileleni. Baina ya chai na migomba kuna vijia visivyo na idadi, na vingi vimo kwenye ramani kama barabara. Kifaa kikiona kijia kimekata kilima, kinakuchagulia hicho.

Mwaka juzi tulikuwa tukienda kumzika ami yangu, kati ya Keroka na mji wa Nyamira. Shangazi alikuwa amenipigia simu asubuhi. "Mwanangu, ukifika Keroka nipigie, nikutumie kijana wa bodaboda." Nikamjibu, "Usijisumbue, shangazi, nina mashine." (Mke wangu alinitazama, akanyamaza. Ningeusoma ule unyamavu!) Mashine ilisema dakika 25. Ikatukunjisha kushoto, ikatuteremsha bondeni, na hapo mvua ya Gusii ikaja. Udongo mwekundu wa kule ukilowa ni sabuni. Gari likateleza ubavu hadi kwenye mtaro, na yule mwanamke akatangaza, kwa furaha kabisa, kwamba tumefika.

Kweli tulikuwa karibu. Tulisikia nyimbo za mazishi ng'ambo ya bonde. Kina mama waliokuwa wakitoka kuchuma chai waliweka vikapu chini, wakatusukuma bila kuulizwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Nani amekuleta huku?" Nikaona haya kumwonyesha. Akasema hakuna gari linalopita kijia hicho msimu wa mvua. Watu wote huzunguka juu, penye soko.

Basi, ukipanga safari, ingia kwenye mipangilio ya kifaa ukiamuru kiepuke barabara zisizo na lami. Jioni kabla ya kuondoka, itazame njia nzima kwenye skrini, ulinganishe na maelezo ya mwenyeji: soko gani, shule gani, kanisa gani. Muda kinachokutajia, ukiwa nje ya lami uzidishe mara mbili, au tatu ikiwa kumenyesha. Nyamira mjini waweza pia kufika kwa kupitia Kericho, Chemosit, Ikonge na Kebirigo, na watoto watayafurahia mashamba ya chai njiani. Ukibaki na siku, wapeleke Tabaka wakaone mawe ya sabuni yakichongwa.

Nasi tulifika saa kumi na nusu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, vijana wakifuta majembe. Shangazi hakunigombeza. Alinipa kiti, akaniletea chai, akaniuliza kama watoto wamekula. Kisha akamwita yule kijana wa bodaboda, ambaye alikuwa amengoja Keroka tangu saa nne asubuhi, anisalimie.