Chopa, daftari na mkutano wa mtaa

Najua nimepotea. Majaribio yalikuwa mfululizo, bumu lilikata mapema, na mtu ukiwa na njaa huandiki, unahesabu siku. Ila Jumapili nilikuwa nyumbani Mbagala, na tangu nirudi hapa Chang'ombe kuna jambo linanizunguka kichwani. Hata leo kwenye semina ulikuwepo mwili tu. Ngoja nilimwage hapa.

Ilianza na simu ya mama, Alhamisi usiku.

"Jumapili kuna mkutano wa mtaa. Uje."

"Shikamoo mama. Mkutano wa mtaa mimi wa nini?"

"Marahaba. Wanataka kuweka uwanja wa chopa pale nyuma ya shule. Na wewe si ndiye mwalimu?"

Mwaka wa tatu, bado sijamaliza, tayari mwalimu. Kwa mama ukishapata nafasi DUCE umeshaajiriwa.

Hicho kiwanja nakifahamu. Kimepakana na shule ya msingi niliyosoma mimi, katikati kuna ukuta mmoja tu, na upande wa pili ni nyumba zetu, zile zilizobanana mpaka jirani akikaanga dagaa unajua ameweka ndimu au hajaweka. Mwenye kiwanja ni mtu mwenye uwezo wake, jina sitataja. Tetesi zilisema amechoshwa na foleni ya Barabara ya Kilwa. Kwa kweli nilicheka. Nani asiyechoshwa na foleni ya Kilwa? Sisi wengine tunasimama na mguu mmoja mlangoni, yeye anataka kuiruka kabisa. Hongera zake.

Halafu nikakumbuka mwaka 2015 nikaacha kucheka.

Ule mwaka wa uchaguzi nilikuwa bado shule ya msingi. Chopa ya kampeni ilitua kwenye uwanja wetu wa mpira, siku ya masomo, mchana kweupe. Sitasema ni ya chama gani, msije mkaacha mada mkaanza kugombana. Tulitoka madarasani kama siafu, mwalimu akibaki na chaki mkononi. Basi bwana, chopa haitui kama kunguru. Inashuka huku inasukuma upepo kwenda chini, na ule upepo ukigonga ardhi unatawanyika pembeni na kila kilicho chepesi. Vumbi likatuingia machoni, bati la banda la mama lishe likang'oka, sufuria ya maharage ikajaa mchanga. Sisi tunashangilia! Siku mbili nzima hakuna aliyesikiliza somo, kila mtu anachora chopa kwenye daftari la hisabati. Mama lishe alikusanya sufuria zake kimya kimya. Sikumfikiria hata kidogo mpaka Alhamisi hii.

Mkutano ulikuwa chini ya mwarobaini, viti vya kukodi. Alikuja kijana mmoja mtanashati kumwakilisha mwenye kiwanja. Alisema vizuri tu, hakuwa na dharau. Akatuambia mtaa utapanda hadhi, barabara itarekebishwa, vijana watapata kazi ya ulinzi, na chopa itatua "mara moja moja tu."

Bibi mmoja muuza vitumbua akanyoosha mkono. "Mwanangu, mara moja moja ndiyo mara ngapi?"

Kijana akatabasamu. Hakuwa na namba.

Kisha mama akasimama. Mama yangu hasemi kwenye mikutano, anasema nyumbani. Alisema maneno machache: "Mimi tarehe 29 Aprili 2009 nilikuwa hapa. Nilimbeba huyu mgongoni, mwenzake nimemshika mkono, nikakimbia sijui ninakokwenda. Mimi mlio mkubwa juu ya bati langu siutaki." Akakaa.

Kwa msomaji ambaye si wa huku: siku hiyo ghala la silaha la kambi ya jeshi pale Mbagala Kuu lililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba ziliharibika. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka kanga ya mama na jasho lake tu. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Mbagala "usiwe na wasiwasi, ni kelele tu," ujue unaongea na nani. Pale mwarobaini palitulia kabisa.

Mwenyekiti akaniangalia. "Mwalimu, tusaidie na wewe."

Nikatoa daftari.

Hili daftari lina historia yake, na sehemu ya historia yenyewe inaniaibisha. Mwaka jana TP yangu, yaani mazoezi ya kufundisha, niliifanyia shule moja ya sekondari upande wa Kipunguni, jirani na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Nafundisha Kiswahili, kidato cha pili, kipindi cha dakika 80. Ndege ikiruka, darasa zima linaganda. Wenyeji wameshazoea: mwalimu ananyamaza katikati ya neno, chaki hewani, anasubiri, anaendelea. Mimi mgeni niliona nguvu zangu zinatosha, nikawa napaza sauti kushindana na injini. Wiki ya kwanza tu sauti ikakauka, nakunywa tangawizi asubuhi na jioni.

Wiki ya pili nikamuuliza mvulana mmoja wa nyuma swali kuhusu ngano na visasili. Akakaa kimya. Nikarudia, kimya. Nikamsimamisha mpaka kipindi kiishe, nikasema na maneno kuhusu watu wanaokuja shule kupasha viti moto. Darasa likacheka. Baada ya kengele akanifuata, kwa adabu kabisa: "Madamu, swali sikulisikia. Ndege ilikuwa inapita. Na la kwanza nililotaka kukuuliza mimi, nilishalisahau."

Nilienda kukaa ofisini nikajifanya nasahihisha.

Nikakumbuka kitu tulichofundishwa kwenye saikolojia ya elimu, ambacho nilikikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 1975 New York, mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walichapisha utafiti wa shule moja iliyokuwa jirani na reli iliyoinuliwa juu ya barabara. Madarasa ya upande mmoja yalitazama reli, ya upande wa pili yalikuwa na utulivu. Shule ileile. Kufika darasa la sita, watoto wa upande wa kelele walikuwa nyuma karibu mwaka mzima katika kusoma. Wazazi walikuwa wanalalamika tangu zamani, ila malalamiko ni malalamiko, yanasikilizwa yakisahaulika. Namba zilipotoka, reli iliwekewa mpira wa kupunguza mtikisiko na madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti. Bronzaft akarudi kupima tena, matokeo yakatoka mwaka 1981: ile tofauti ilikuwa imetoweka.

Kwa hiyo nikanunua daftari la kurasa 48. Kila kipindi nikawa naandika: saa ngapi, nimenyamaza mara ngapi, darasa limechukua muda gani kurudi. Nilichogundua ni kwamba ndege yenyewe haichukui muda. Inapita, imeondoka. Kinachochukua muda ni kurudi. Mmoja anageuka dirishani, mwingine anachokoza jirani, aliyekuwa na swali amelipoteza. Jumanne moja nilinyamaza mara saba katika zile dakika 80. Na kila mara ni yule wa nyuma anayekosa zaidi, kwa sababu wa mbele anaweza kunisoma midomo.

Hayo ndiyo niliyowasomea chini ya mwarobaini. Sikusema "wataalamu wanasema." Nilisoma Jumanne hadi Ijumaa, mstari kwa mstari, sauti inatetemeka kama yule mwanafunzi niliyemsimamisha. Nikamalizia kwa kusema kwamba watoto wetu wanajifunza kusoma kwa kusikia, herufi kwa herufi, na ukuta wa tofali moja hauzuii kitu.

Yule kijana mtanashati akaandika kitu kwenye simu yake. Halafu akaniuliza, kwa heshima: "Sasa mwalimu, kule uwanja wa ndege ufungwe?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu la haraka. Aliyejibu ni mzee mmoja ambaye mimi siku zote namjua kama fundi baiskeli. Kumbe ni mtu wa Kipawa. Akasema: "Hakuna aliyesema ufungwe. Sisi Kipawa tulikuwa tunaupenda uwanja, tulikuwa tunatembeza wageni kuutazama. Tulichokataa ni kuwekwa njia panda."

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi wa umri wangu hii habari hatuijui. Serikali ilipotaka kupanua uwanja wa ndege, nyumba za Kipawa, Kigilagila na Kipunguni zilifanyiwa uthamini mwaka 1997. Watu wakaambiwa wasiendeleze tena maeneo yao. Fidia haikuja. Miaka ikapita, saruji ikapanda bei, familia zikaongezeka, ufa ukiingia ukutani unautazama tu. Malipo yalipoanza, mzozo ukawa mkubwa: watu wanalipwaje kwa thamani ya zamani wakati wanatakiwa kununua maisha ya leo? Wapo waliohamishiwa huko Pugu, mbali na biashara zao. Wa Kipunguni wakasubiri zaidi ya miaka 20. Jengo la tatu la abiria lilizinduliwa tarehe 1 Agosti 2019, zuri kweli, la kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na bado kuna watu walikuwa wanasubiri.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba uthamini wa fidia ukipita miaka 2 unakufa, unafanywa upya. Nikisoma hicho kifungu naona nyuso za watu wa Kipawa.

Jumatatu nilimsimulia mwenzangu wa chumbani haya yote tukiwa kwenye vimbwete. Yeye anasoma Uchumi na Jiografia, mtu wa takwimu. Akanikatiza: "Nyie watu wa uswahilini kila kitu mnapinga. Ndiyo maana hatuendelei." Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ana hoja, sikatai. Chopa inaokoa watu pia, mgonjwa wa mbali akihitaji hospitali hataulizia foleni. Mji wa watu wengi hivi utahitaji sehemu za kutua. Lakini nikamuuliza mbona hiyo sehemu ya kutua haitafutwi Masaki nyuma ya shule za huko. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo umenigusa." Ndiyo mara ya kwanza namshinda tangu mwaka wa kwanza, nikaomba aniandikie na sahihi. Akagoma.

Mkutano uliishaje? Haukuishia na vigelegele. Mwenyekiti hakusema ndiyo wala hapana. Alimwambia yule kijana alete karatasi: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na tathmini ya athari kwa mazingira kutoka kwa wahusika, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe kabla, na tangu 2015 kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo. Halafu akaongeza: "Na humo ndani tuandikie mara moja moja ni mara ngapi." Bibi wa vitumbua alipiga makofi peke yake.

Kijana akaahidi ataleta. Tunasubiri. Inawezekana zitakuja na mihuri yote, na chopa itatua, na mama atakuwa anashtuka kila ikishuka. Sijui. Walimu wawili wa ile shule wameomba niwaoneshe namna ya kuchora jedwali la kuhesabu, ili kama itakuja wawe na namba za kabla na za baada. Jumamosi naenda, nauli nitakopa.

Jambo moja sijalimaliza. Yule mvulana wa nyuma, TP iliisha sijamwomba radhi mbele ya wenzake, walionisikia nikimdhalilisha. Nilimwomba pembeni, karibu na bomba la maji, akasema "haina shida madamu" kama wanavyosema watoto wakishazoea. Yeye ndiye ukurasa wa kwanza wa daftari, ingawa jina lake sikuliandika.

Haya, kengele ya tumbo imelia, nakimbilia kwa mama ntilie kabla wali haujaisha. Kama mtaani kwenu kuna kitu kinapiga kelele jirani na shule, jenereta, baa, karakana, chochote, kaa siku moja na daftari uhesabu.

Tuko pamoja.