Saizi 46

Viatu vya kike Nairobi huishia 42. Nimezunguka vya kutosha kusema hivyo bila kuapa. Maduka ya Moi Avenue, viduka vya exhibition, vibanda vya Toi, kote ukuta ni huo huo. Ukiuliza kubwa zaidi, muuzaji anakuangalia uso, halafu macho yake yanateremka polepole hadi chini na kukaa huko. "Ni zako ama za bro?" Zangu. Mguu wangu una sentimita 29 na nusu kutoka kisigino hadi kidole gumba. Hiyo ni 46, na mimi ni msichana.

Kuna mambo ambayo mtu huyazoea. Nilizoea viatu vya shule vya wavulana. Nilizoea shangazi zangu kuniambia kwenye harusi kwamba nimerithi miguu ya babu, kana kwamba babu aliniachia shamba. Nilizoea kusimama nyuma kwenye picha, na si kwa sababu ya urefu. Aibu ya namna hiyo haiui mtu. Unaifungia kachumba kadogo ndani yako na unaendelea na maisha.

Halafu nikanunua nduthi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Hakuna hadithi ndefu hapo: fee iliisha kabla ya digrii. Nikaanza kuandika makala za watu mtandaoni, zile ambazo jina lako halitokei popote, na kwa kuwa wateja hulipa wakijisikia, nikachukua pesa za chama nikanunua Boxer ya mkono wa pili. Mchana napeleka parseli, usiku naandika. Kwa mara ya kwanza miguu yangu ilikuwa na faida. Kwenye jam ya Jogoo Road nakanyaga lami kwa nyayo nzima, huku wengine wamesimama kwa vidole kama watu wanaochungulia dirishani.

Shida ilikuwa ya kuvaa. Miezi minane niliendesha na raba. Siku moja ya mvua, karibu na Donholm, gurudumu la mbele likapita juu ya dizeli iliyomwagika barabarani. Sikuwa na kasi. Nduthi ilinilalia mguu wa kushoto, na raba ikatoka ikaenda zake kama haijawahi kunijua. Kifundo kilifura kama embe. Wiki tatu sikutoka kejani. Kwa mtu anayelipwa kwa safari, wiki tatu za kulala ni rent.

Nikiwa hapo kitandani ndipo nilipoanza kusoma kuhusu mabuti ya pikipiki. Huko Ulaya yana kiwango chake, EN 13634, na hupimwa mambo manne: urefu wa buti, linavyostahimili kusuguliwa na lami, linavyostahimili kukatwa, na soli inavyokataa kujikunja kwa upana mguu ukibanwa. Hilo la nne nililisoma mara mbili. Kumbe kuna mtu mahali fulani, ndani ya maabara, ambaye alikuwa ameshaiwaza siku yangu ya Donholm.

Lakini kuwaza na kuniuzia ni mambo mawili. Mabuti ya kike niliyoyaona mtandaoni yaliishia 42 pia. Ukuta umepanda ndege. Ya kiume yalifika 48, ila ukijumlisha bei, usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, unakaribia nusu ya bei ya nduthi yangu. Kwenye steji yetu wengi huvaa gambuti. Zinazuia maji na matope, na ni za bei ya mwananchi. Ila mpira haushiki kifundo, na ukianguka, gambuti huvuka kirahisi kuliko hata raba.

Nikaenda Gikomba, saa kumi na mbili asubuhi, mzigo ukifunguliwa. Huko nilijifunza kwamba namba ya kiatu ni lugha, na kila nchi ina yake. Ulaya saizi moja ni theluthi mbili za sentimita. Uingereza ni theluthi moja ya inchi, urefu wa punje ya shayiri, hesabu waliyoirithi zamani sana na hawajaiacha. Ndiyo maana 11 ya kampuni moja inaandikwa 45 na 11 ya nyingine 46. Nikaacha kusoma namba nikaanza kutembea na kamba niliyoikata kwa urefu wa mguu wangu.

"Siz, hiyo saizi hatuwekangi," wengi waliniambia bila kuinua kichwa. Mmoja alikuwa nayo: buti la kazi la mtu wa ujenzi, lenye chuma mbele, 3,500. Liliingia. Nilitaka kulia pale pale kati ya mikokoteni. Kesho yake nikagundua kwamba ncha yake ni nene mno na haipiti chini ya gia. Kila nikitaka kubadilisha gia ilibidi niinue goti kama askari wa gwaride. Nikaliuza kwa fundi wa mjengo kwa 2,800.

Aliyeniokoa yuko Kariokor. Jina la soko hilo ni Carrier Corps lililopita kwenye ndimi zetu, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakatembea na kutembea. Leo ndiyo sehemu ya kwenda ukitaka ngozi. Mzee niliyeelekezwa kwake hakuangalia uso wangu wala hakuuliza ni za nani. Aliweka kartoni chini.

"Msichana wangu, simama. Mguu ukikaa unadanganya."

Nikasimama. Akachora mguu mmoja, kisha wa pili, kwa sababu miguu ya mtu haifanani. Akaniambia nirudi jioni achore tena, miguu ikiwa imefura kwa kutembea. Shida yake ilikuwa ule mguu wa plastiki ambao kiatu hushonewa juu yake. Wake mkubwa kabisa ulikuwa 45. Akaongeza vipande vya ngozi kwenye vidole na ubavuni, akasugua na msasa hadi mguu wangu ukatokea mezani, mzima, bila mimi. Niliuangalia sana. Sikuwahi kuuona mguu wangu kama kitu ambacho mtu anaweza kukifanyia kazi kwa makini hivyo.

Tulikubaliana: ngozi nene ya ng'ombe, juu ya kifundo kwa vidole vinne, kisigino kigumu, zipu ubavuni badala ya kamba zinazoweza kunasa kwenye gia, na kiraka cha ngozi juu ya kidole cha kushoto ambako gia hula kiatu. Soli nene iliyoshonwa, si ya gundi tu. 7,500 na wiki mbili. Fundi wa nduthi naye akakata ile lever ya kisigino na kupandisha ya mbele jino moja.

Buti lina miezi mitano sasa. Hakuna maabara iliyolipima, na sitakudanganya kwamba ni sawa na la EN. Ila linashika mguu, halivuki, na nikilivua usiku kifundo kimetulia. Ukiwa na mguu kama wangu na huna pesa za kuagiza, anza na kartoni na fundi anayekuambia usimame.

Juzi mzee alinipigia. Nikadhani kuna deni. Kumbe alitaka kunijulisha kwamba ule mguu wa plastiki hataubandua zile ngozi, ameuandika 46 kwa kalamu na kuutundika. Tangu anishonee, wasichana watatu wameshapitia kwake, mmoja mchezaji wa voliboli.

"Mko wengi," akasema. "Ni vile hamuulizi."