Mahindi juu ya lava ya Goma

Asubuhi Goma hunukia mkaa, mvua ya jana na samaki sambaza wa kukaanga. Ukivuka mpaka wa Petite Barrière kwa miguu unaingia mtaa wa Birere katikati ya chukudu za mbao zilizojaa magunia, na motari wa pikipiki anakuita kabla hujaamua unakokwenda. Vumbi ni jeusi, linaingia viatuni na kwenye kikombe cha chai. Anayekukanyaga anageuka: "Pole, papa." Mji huu umeonja vita na moto, na bado watu wake wanasalimia hadi mkono uchoke.

Nyumba, misingi na nyua ni za jiwe la volkano ya Nyiragongo. Januari 2002 lava ilipasua mji mpaka Ziwa Kivu. Mei 2021 ikaja tena, ikaishia pembezoni, upande wa Buhene. Huko nilikuta mahindi yamesimama kati ya mawe, kila shina na udongo wake kiganja kimoja, na maharage yakiyapanda. "Karibu, ila angalia miguu," akaniambia mama mwenye shamba, akanichumia jani la mahindi.

Liinue juani. Mishipa imekaribiana sana, na kila mmoja umezungukwa na seli za kijani kilichokolea. Seli za nje hunasa hewa ukaa na kuisukuma humo ndani, ili rubisko, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa sukari, kisipoteze nguvu kwa kushika oksijeni. Maharage hayana mpango huo. Lakini jeni za vimeng'enya vinavyohitajika yanazo hata maharage; huzitumikisha kwingine. Zaidi ya mara 60, koo mbalimbali za mimea zimefikia njia hii ya mahindi, kila moja kivyake, kwa kuziamsha jeni za zamani kwenye seli nyingine na kuzipa kazi mpya.

Barabara ya kurudi inarusha mgongo mpaka meno yagongane. Nikashuka kwa muuza mahindi ya kuchoma, na hapo ndipo penye uhondo. Alimenya hindi bichi, nikaokota ganda: mishipa yake imeachana. Mwaka 1988 mwanabiolojia wa mimea Jane Langdale na wenzake walionyesha kwamba seli za ganda zilizo mbali na mshipa hufuata njia ileile ya maharage. Mmea mmoja, jeni zilezile, njia mbili! Nilisimama kando ya moshi nikiligeuzageuza ganda lile, na yule dada akaniongezea hindi bila kunidai.

Chakula cha mchana kilikuwa bugali, sambaza na mboga ya lengalenga. Lengalenga si ndugu wa mahindi hata kidogo, ila nayo hunasa hewa ukaa kwa njia hiyo ya pampu. Viazi vya milimani ni vya upande wa maharage, na ubaridi wa huku, karibu mita 1,500 juu ya bahari, unavifaa.

Saa kumi mvua ikamwagika, umeme ukakatika. Mwenyeji wangu akakata nanasi gizani. Nanasi hufungua matundu ya majani usiku na kuweka akiba ya hewa ukaa ya kutumia mchana. Jeni zake zilisomwa zote mwaka 2015, na zile za kazi hii huamshwa kwa kufuata saa ya mmea.

"Na mchele?" jirani akauliza.

Nikamwambia Langdale ameshiriki mradi wa kuufundisha mpunga njia ya mahindi, kazi ambayo haijaisha.

"Wafanye upesi," akasema, akinisogezea sahani. "Hapa mchele ni ghali."