Fukayosi: Noah ilipokataa kukata kona

Wengi wenu mnaipita Fukayosi mkiwa usingizini. Mmetoka Dar alfajiri, chai ya Bagamoyo imeshuka tumboni, lami inateleza, na ukija kufumbua macho unamsikia konda anaita, "Msata hiyo, wa kushuka!" Pole yako, msomaji wangu. Umepitwa na uhondo.

Fukayosi ni kata ya wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani. Ukitoka Bagamoyo mjini unaiacha bahari mgongoni, unapita Makurunge na bonde la mto Ruvu, ule ule unaoanzia milima ya Uluguru kule Morogoro na kuja kumwaga maji Bahari ya Hindi. Mbele ya Fukayosi kuna Kiwangwa, mji wa mananasi, kisha Msata, unapoikuta barabara kubwa ya Chalinze kwenda Segera. Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64. Zamani njia hii ilikuwa adhabu: kiangazi vumbi, masika tope hadi magotini. Lami ilipokuja miaka ya 2010, watu wa Tanga, Moshi na Arusha wakapata njia ya kukwepa foleni za Kibaha na Mlandizi. Sasa magari yanapita kama risasi, na Fukayosi imebaki kando inayatazama tu.

Lakini yenyewe haina papara. Kuna miembe ya kivuli kizito, mikorosho, mihogo, magunia ya mkaa yamepangwa kando ya lami, ng'ombe wanaovuka barabara kwa kujidai kama wameilipia. Wenyeji ni Wakwere, Wadoe, Wazigua na Wazaramo, na wageni kibao waliokuja kutafuta shamba wakanogewa.

Tusisahau pia kwamba huku ni nyuma ya mji wenye historia. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Na kabla ya Mjerumani, karne hiyo hiyo ya 19, ndiko ilikoishia misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara. Wapagazi wengi wa pembe walikuwa Wanyamwezi, waliotembea kwa miguu kutoka pande za Tabora. Hili la Wanyamwezi lishike, tutalihitaji huko mbele.

Mimi Fukayosi niliifahamu kwa sababu ya Noah ya mjomba.

Mjomba wangu ni mstaafu. Kiinua mgongo chake alinunulia Toyota Noah, ile ya zamani ambayo mafundi wanaiita SR40, injini yake imelala chini ya siti za mbele. Hiyo Noah ndiyo shamba lake, ndiyo inayomlipia binti yake chuo. Kila wiki inakwenda Kiwangwa kubeba mananasi ya wenye magenge wa Dar. Ikilala siku moja, nyumba nzima inajua.

Wiki moja kabla ya safari yetu, mjomba aliona matone mekundu chini ya gari. Oili ya stelingi. Akamwita kijana wa mtaani, umri miaka 19, mmoja wa wale tunaowaita fundi maiko: gereji yake ni mwarobaini, vifaa vyake ni spana nne na koleo. Kijana akafungua, akafunga, akachukua elfu ishirini yake. "Anko, gari imepona hiyo!"

Gari lilipona siku nne.

Siku ya tano tuko njiani. Tulipoiacha Bagamoyo ukaanza mlio chini ya makalio yetu, mmmmm, kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Mjomba akazima redio, tukasikiliza. Ukikanyaga mafuta mlio unapanda, ukikata kona unageuka kuwa kilio. Halafu usukani nao ukaanza kuwa mzito. Mwanzo mkono mmoja hautoshi. Baadaye miwili haitoshi. Tukafika kwenye kona, mbele yetu linakuja lori lenye tela, mjomba anasukuma usukani kwa mikono na bega, jasho linamtoka kama anatwanga. Lile lori lilitupita karibu kiasi kwamba nilisoma maandishi ya kwenye boneti yote. Sikuyaelewa, lakini niliyasoma.

Tulipoona nyumba za Fukayosi mjomba akaegesha chini ya mwembe. Hakusema neno. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

Kuuliza fundi, tukaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kiua na ovaroli iliyosahau rangi yake. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba. Mjomba naye akasalimia, wakaulizana kabila kama ilivyo desturi ya wazee. Mzee Mzaramo. Mjomba Mnyamwezi. Basi! Mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara.

"Babu zenu," mzee akasema, "walikuja huku na pembe kichwani, kwa miguu, toka Tabora. Hakuna aliyeharibikiwa njiani. Nyie mmeletewa gari kutoka Japani, na mnashindwa kufika Kiwangwa!"

Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi nikajua tumefika kwa fundi.

Alichonifurahisha mzee huyu ni kwamba hakushika spana. Alianza na maswali. Gari limeguswa lini? Na nani? Alifungua nini? Mlio ulianza kabla au baada? "Gari likiugua baada ya kutibiwa," akasema, "mwulize kwanza mganga aliyepita, usimwulize mgonjwa."

Kisha akapiga teke tairi za mbele kuona upepo, maana tairi lisilo na upepo peke yake linatosha kukufanya uone stelingi imekufa. Zilikuwa sawa. Akachomoa kijiti cha oili ya injini, akaifuta, akaisoma. Sawa. Tukanyanyua siti, akafungua kifuniko cha kopo la oili ya stelingi. Humo ndani kulikuwa na povu kama la sabuni ya kufulia.

"Huyu anakunywa upepo," akasema.

Acha nikupe shule kidogo, msomaji. Stelingi ya pawa ya mtindo huu inasaidiwa na pampu. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwenda kwenye stelingi, na oili ndiyo inayokusaidia kugeuza magurudumu. Ni akili ya injinia wa Marekani, Francis Davis, aliyeionyesha mwaka 1926, lakini ikasubiri hadi mwaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ikaanza kuiuza kwenye magari ya watu. Mkanda ukilegea, pampu inazunguka kwa kusuasua. Upepo ukiingia kwenye oili, pampu inasukuma povu badala ya oili, na povu halina nguvu, linalia tu. Usukani unabaki wa mikono yako na neema ya Mungu. (Magari mengi ya siku hizi yanatumia mota ya umeme, hayana oili hiyo, kwa hiyo usije ukatafuta kopo ambalo halipo.)

Mzee akatuagiza tuwashe injini. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye pampu, mpini akauweka sikioni, kama daktari na kipimo chake. Akahamia kwenye altaneta. Akarudi kwenye pampu. Akatuambia tuzime.

Alichokikuta nilikiona kwa macho yangu. Mpira unaoleta oili kwenye pampu ulikuwa hauna klipu, umefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Oili ilivuja kidogo tu, lakini pampu ikivuta, inavuta na upepo hapo hapo. Halafu bolti ya kukazia mkanda ilikuwa si yake. Ya kwake ni ya spana namba 14. Iliyowekwa ilikuwa ya namba 12, nyembamba, inacheza kwenye tundu, na kwa usalama zaidi, kijana alikuwa ameizungushia waya! Pampu yote ilikuwa inatikisika, mkanda unateleza.

Hapo mzee hakutania tena. Akamwonyesha mjomba bomba la chuma linalotoka kwenye pampu. "Hili lina presha. Pampu ikiendelea kucheza hivi, bomba linapasuka. Oili inaruka kwenye ekzosti ya moto. Injini yenu iko wapi?"

Tukatazama siti tulizokuwa tumezikalia.

Na hapo tulikuwa hatujapakia. Fikiria tunarudi na nanasi limejaa hadi darini.

Matengenezo yalichukua mchana mzima, lakini si kwa ugumu. Bolti ilitoka kwenye kopo la Blue Band lenye bolti za kila ukoo. Klipu hakuwa nayo, wala oili nyekundu, kijana wa bodaboda akatumwa Kiwangwa. Wakati tunasubiri tukala ugali na maharage kwa mama lishe chini ya mkorosho, nikatamani kuhamia. Oili ilipokuja mzee akanyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki, akaweka mawe, akaniamuru nizungushe usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, yeye anaongeza oili kila ikishuka. Nilizungusha mpaka mabega yakaniomba msamaha. Povu likaisha. Tukawasha, nikazungusha tena, safari hii bila kung'ang'ania mwisho, maana kung'ang'ania kunaichosha pampu. Kimya. Usukani ukawa mwepesi, kidole kimoja tu.

Sasa mjomba hasira zikampanda upya. Akaapa kwamba akifika Dar yule kijana atairudisha elfu ishirini, na akileta maneno, polisi.

Mzee alikuwa anafuta mikono. Akasema, "Alikwambia yeye fundi, au wewe ulimwona rahisi?"

Mjomba kimya. Gereji yenye fundi wa vyeti ilimtajia bei mara nne ya ile.

"Mimi nilijifunza hivyo hivyo," mzee akaendelea. "Ila nilikuwa na mtu wa kunipiga kofi nikifunga waya. Huyo hana. Mpeleke kwa mwenye kujua, kabla hajaua mtu."

Ndugu zangu, mitaani tumejaa vijana wa namna hii, wa rika langu. Wana mikono, hawana mwalimu. VETA ipo tangu sheria ya mwaka 1994, na ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti bila kuwarudisha darasani miaka mitatu. Anayemwambia hivyo fundi maiko wa mtaani kwenu ni nani? Sisi tunamwambia "punguza bei" tu.

Na wewe mwenye gari, chukua haya ya mzee wa Fukayosi uyaweke dashibodi. Mlio mkali wa kupiga kelele unapowasha au unapokata kona, tazama mkanda. Mlio wa kuguna unaoongezeka ukizungusha usukani, tazama oili ya stelingi na mipira yake. Mlio wa tik-tik juu ya injini, pima oili ya injini haraka. Ukisikia kitu kizito kinagonga chini ya injini, zima hapo hapo, usijidanganye utafika. Usukani ukiwa mzito ghafla, usikomae nao, pumzisha gari kando. Oili ya breki usiiweke kwenye stelingi, inaharibu mipira. Na gari likitoka kwa fundi, lizungushe mtaani kwanza kabla ya kulipeleka safari.

Jioni tulipakia Kiwangwa, usiku tukawa Dar, nanasi halikuoza hata moja. Mzee alichukua elfu kumi na tano ya ufundi, nanasi tuliahidi kumletea safari ijayo, na tulimletea.

Kuna kitu kimoja alitupa bure. Ile bolti nyembamba, na waya wake, aliifunga kwenye kipande cha gazeti akamkabidhi mjomba. "Mpe kijana wako. Mwambie aiweke mahali anapoiona kila siku."

Mjomba aliipeleka mwenyewe, bila polisi. Kijana aliifungua, akaitazama muda mrefu, akauliza, "Anko, huyo mzee anapokea wanafunzi?"

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.