Mawaridi ya Shule Yetu na Wadudu Wake

Kwetu Bariadi mtu akitaja wadudu, wote hufahamu kuwa anena habari za pamba, kwani mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, wajulikana kwa pamba kuliko kwa zao jingine lolote. Basi tulipopanda mawaridi mbele ya ofisi ya shule, walikuwapo waliotucheka, wakisema kwamba ua haliliwi wala halipimwi kwenye mizani. Tukayapanda hivyo hivyo, miche 12 iliyotoka Mwanza, nao wanafunzi wakayanywesha maji ya kisima kiangazi chote.

Mwezi wa Agosti machipukizi na vitumba vilifunikwa na wadudu wadogo wa kijani, laini, waliobanana kama punje za mtama. Hao ndio vidukari. Wakulima wa pamba huwaita wadudu mafuta, na kweli majani yalinata na kung'aa kama yaliyopakwa mafuta. Jike huzaa watoto hai pasipo dume, na mtoto huyo naye huanza kuzaa baada ya siku kama 10 hivi.

Hapo tulikosa, nasi twaungama. Ilikuwapo chupa ya ekapaki iliyobaki baada ya msimu wa pamba, tukamtuma mvulana mmoja wa darasa la saba ayapulizie maua kwa bomba. Hatukumpa cha kufunika uso wala mikono, na upepo ulikuwa ukivuma. Jioni yake mama yake akaja kutuarifu ya kwamba mtoto anatapika na kichwa chamuuma. Usiku ule hatukulala. Alitibiwa katika zahanati, akapona siku ya pili, lakini maneno ya mama yangali masikioni mwetu: "Mwalimu, mimi nilimleta kusoma."

Na maua je? Vidukari walikufa, kisha baada ya wiki tatu wakarudi wengi kuliko kwanza. Tukastaajabu sana. Aliyetufumbua macho ni mvulana yule yule, ambaye amechunga ng'ombe tangu utoto wake na jicho lake halipitwi na kitu. Akasema, "Mwalimu, kabla ya dawa walikuwapo vijidudu vyeusi vyenye madoa ya rangi ya chungwa, mfano wa mamba wadogo, wakiwala hawa wa kijani. Sasa hawapo."

Vijidudu hivyo tulivijua. Tulikuwa tukiviponda kwa vidole, tukidhani ni adui! Kumbe ni watoto wa yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, na kila mmoja wao hula mamia ya vidukari kabla hajakomaa. Sumu haikuchagua: iliwaua walaji, na vidukari wachache waliosalia wakazaliana bila hofu. Tena mvulana akatuonyesha sisimizi wakiwapapasa vidukari ili wanywe maji yao matamu, na kuwafukuza walaji wao. "Hawa wanakamua," akasema. Kwa Wasukuma mfano huo hauhitaji maelezo.

Tangu hapo twawaangusha vidukari kwa maji ya nguvu asubuhi, hasa chini ya majani. Wakizidi, twapulizia kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jua likiwa halijawa kali. Shina twalizungushia kitambaa chenye grisi, sisimizi wasipande. Vijimamba hatuvigusi. Hata katika mashamba makubwa ya mawaridi ya Naivasha, Kenya, wako wakulima wanaoachilia kwa makusudi utitiri walao utitiri wenzao.

Vidukari hawajaisha, wala hatutazamii waishe. Juzi mama wa mvulana alipita shuleni, tukamkatia maua matatu. Akayapokea kwa mikono miwili. Lakini kabla hajayanusa aliuliza kama yamepuliziwa dawa.