Ukienda Kigoma, Uliza Mwezi

Treni iliingia Kigoma asubuhi na mapema, nasi tuliobaki ndani tukateremka sote, maana hapo ndipo mwisho wa reli. Wenyeji wanauita mji wao hivyo hivyo: Mwisho wa Reli. Reli ya Kati, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, ilifika ufukweni hapa mwaka 1914, na jengo la stesheni walilojenga Wajerumani bado limesimama likilitazama Ziwa Tanganyika. Nilikuwa na siku tatu mkononi na mambo matatu kichwani: mwembe wa Ujiji, sokwe wa Gombe, na taa za wavuvi wa dagaa usiku. Hizo taa ndizo zilizonitoa nyumbani. Niliyewahi kumsikia akizisimulia alisema ziwa zima huonekana kama mji mwingine uliowashwa taa ng'ambo ya pili.

Dereva wa bajaji aliponiuliza nimekuja kuangalia nini, nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Umekuja mbalamwezi, dada. Wiki hii ziwa limelala."

Akanieleza huku akipanda mlima kuelekea Mwanga. Dagaa hufuata mwanga. Mvuvi huwasha taa juu ya maji kwenye giza, dagaa wakakusanyika chini yake, wavu ukapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru imetapakaa ziwa zima, na dagaa hawana sababu ya kuifuata taa ya mtu. Kwa hiyo kila mwezi, kwa wiki moja hivi, mitumbwi hulala nchi kavu. "Lakini usisikitike," akasema. "Wavuvi wakipumzika, mafundi ndio wana kazi. Nikupeleke Ujiji."

Ujiji iko kilomita chache kusini mwa Kigoma, na siku hizi miji hiyo miwili ni manispaa moja. Zamani Ujiji ndiyo iliyokuwa mji. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo iliishia hapa. Pembe za ndovu na watumwa kutoka Manyema walivushwa ziwa na kuteremshwa hapa. Wapelelezi Burton na Speke walifika Februari 1858, na tarehe 10 Novemba 1871 mwandishi wa habari Stanley akamkuta mmisionari Livingstone, chini ya mwembe, kama inavyosimuliwa. Mahali hapo pana makumbusho na mnara, na miembe inayosemekana kuwa mizao ya ule mwembe wa awali uliokwisha kufa. Wageni wengi hupiga picha hapo na kurudi Kigoma. Hata mimi ningefanya hivyo, ila dereva aliniambia niteremke kwa miguu hadi majini.

Siku za Livingstone ufuko ulikuwa karibu zaidi na mwembe ule. Mwaka 1878 hivi, maji yalivunja kizibo cha matope na majani kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio mlango pekee wa ziwa hili kutoka. Ziwa likashuka mita kadhaa na ufuko ukasogea chini. Huko chini ndiko nilikokuta karakana ya mitumbwi. Haina kibao wala uzio. Unaifuata kwa sauti ya tezo.

Mitumbwi minne ilikuwa juu ya magogo, mmoja ukiwa mifupa mitupu: mkuku chini, mataruma yamepanda pande zote mbili, mbao za kwanza ndizo zinaanza kupigiliwa. Hakukuwa na mashine yoyote. Nilimwamkia mzee aliyekuwa akisimamia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kivulini uangalie, kuuliza utauliza baadaye."

Nikakaa. Kijana mmoja alikuwa akikalafati mtumbwi wa zamani. Alisokota pamba kati ya viganja mpaka ikawa uzi mnene, akaichovya kwenye kopo la mawese, akailaza kwenye ufa kati ya mbao mbili, kisha akaishindilia kwa patasi butu na nyundo, pigo dogo dogo, bila kuruka hata upana wa kidole. Pamba ilipozama, mafuta mekundu yalijitokeza kwenye ufa na kutelemka ubavuni. Alipomaliza ubao mmoja, mzee aliinuka, akaugonga kwa kifundo cha kidole tangu tezi hadi omo, sikio karibu na mbao. Mahali pawili akaweka alama ya mkaa. Kijana akarudia pale pale bila neno.

"Macho hayaoni pamba iliyolegea," mzee akaniambia. "Sikio ndilo linaloiona."

Tulizungumza mpaka adhuhuri, na mazungumzo yakafika kwenye Liemba, kama yanavyofika kwa kila fundi wa chombo mjini hapa. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma. Iliteremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Mwaka uliofuata, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, lakini kwanza mafundi wake waliipaka mashine grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mashine zilikuwa zingali nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mzee hakushangazwa na ukubwa wa meli wala vita vyake. Kilichomgusa ni ile grisi. "Fundi wa kweli hata akiamriwa kuua chombo, humwachia mwenzake nafasi ya kukifufua," alisema. Katika yote niliyosikia kuhusu meli ile, hilo ndilo ninalolikumbuka.

Nikaamua kungoja giza. Siku tatu zikawa tisa, na katika siku hizo za kungoja nikaufahamu mji.

Nilikaa nyuma ya nyumba moja pembeni mwa mji, mama na binti zake wakikamua mawese. Chikichi zilichemka ndani ya pipa, zikamiminwa kwenye mtambo wa kuzungushwa kwa mkono, watu wawili wakiusukuma kwa mzunguko. Uji mzito wa rangi ya chungwa ulirudishwa motoni, mafuta yakaelea juu yakaenguliwa kwa kata. Kokwa hazitupwi: hupasuliwa zikatoa mise, na mafuta ya mise huenda kwenye sabuni. Makapi huwashia moto wa kesho. Tangu 2018 Serikali imeupa mchikichi uzito mpya, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya Tenera yenye mafuta mengi kuliko Dura ya wazee. Yule mama alikuwa na aina zote mbili. Alinionjesha ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese yake, na tangu siku ile nimeacha kuuita mgebuka mboga tu.

Nilikwenda Katonga pia, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, kukuta nyavu zimetandazwa na wanaume wakizishona. Hapo walinionyesha mahali zilipokuwa nyumba. Tangu mwaka 2020 ziwa limekuwa likipanda, na kuta kadhaa sasa zimesimama ndani ya maji.

Jioni ya sita mwezi ulichelewa kuchomoza hadi saa nne usiku. Kabla ya magharibi vipe vilikuwa vimeshaondoka: vyombo viwili vimefungwa pamoja kwa miti, wavu ukining'inia katikati, taa za betri zikiwa mahali pa karabai za zamani. Nilisimama kwenye mlima wa Bangwe. Milima ya Kongo ilipotelea gizani, kisha taa ya kwanza ikawaka, ikafuata ya pili, na nilipoacha kuhesabu nilikuwa nimepita mia. Chini ya taa hizo kulikuwa na ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal.

Alfajiri nilikuwa mwalo wa Kibirizi. Mitumbwi ilitia nanga, beseni zikapita vichwani, na dagaa wakamwagwa kwenye vichanja wakiwa bado wanang'aa kama sindano mpya. Mama mmoja alikuwa akiwatandaza kwa viganja, safu moja tu, asimlaze dagaa juu ya mwenzake.

"Ukiwarundika wanaoza tumboni kabla hawajakauka mgongoni," alisema. "Na ukiwaanika mchangani, mlaji wa Dar es Salaam atatafuna mchanga, halafu atalisema ziwa letu."

Nilimuuliza kuhusu mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Alisema ilikuwa miezi migumu, lakini waliporudi ziwani aliona dagaa wakubwa kuliko aliokuwa amewazoea. "Mwezi ulikuwa ukiwapumzisha siku saba saba. Sasa na sisi watu tumejifunza kuwapumzisha."

Mita chache kutoka kichanja chake, watalii walikuwa wakipanda boti ya Gombe, hifadhi ambako mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alifika Julai 1960 na kuifanya ijulikane dunia nzima. Safari yao ni nzuri, nami niliifanya kesho yake. Ila walipita katikati ya dagaa wale bila kusimama, wakiwahi boti.

Nakusihi, msomaji, usiipite Kigoma hivyo. Jitengee siku tisa, kumi. Fika mwezi ukiwa mpevu, ukae na mafundi wa Ujiji na wakamuaji wa mawese wakati ziwa limelala. Kisha baki mpaka giza liingie, upande Bangwe jioni na uwahi Kibirizi alfajiri. Na kabla ya kukata tiketi ya treni, tazama kwanza kalenda ya mwezi, kwa kuwa hiyo ndiyo ratiba ya Kigoma.